Kinga za Mikono Kutoka Pikipiki Nyingine

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Shuleni tulifundishwa methali hii kwa mifano ya chandarua na chanjo. Mimi niliielewa vizuri zaidi kwetu Giheke, Wilaya ya Rusizi, nikiwa nimesimama kando ya pikipiki ya kaka yangu. Insha hii inahusu vipande viwili vya plastiki vinavyofungwa kwenye usukani, mbele ya vidole vya dereva, ili kuzuia upepo, mvua na mawe. Vilitoka kwenye pikipiki ya aina nyingine, na ilichukua karibu siku nzima kuamua kama vibaki au virudi vilikotoka.

Kaka yangu mkubwa ni motari, kama tunavyowaita hapa Rwanda wale ambao Tanzania na Kenya huitwa bodaboda. Pikipiki yake ni TVS Victor, na bado hajamaliza kuilipia. Siku nyingi hubeba abiria wanaoteremka Kamembe sokoni au wanaokwenda mpakani kuvukia Bukavu. Siku nyingine hupata abiria wa upande wa pili, Ntendezi hadi Gisakura, pale barabara inapokaribia kuingia msitu wa Nyungwe. Wanafunzi wenzangu kutoka Bugesera au Kirehe, ambako jua ni kali, hushangaa nikiwaambia kwamba kwetu mtu anaweza kufa ganzi vidole akiwa juu ya pikipiki mchana. Lakini Ziwa Kivu lenyewe liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Nyungwe vinapita mita 2,900. Mvua za Machi hadi Mei zinapokuja, upepo wa huko juu hauna huruma.

Mkono uliolowa hupoteza joto haraka kuliko mkono mkavu, na upepo wa mwendo huongeza hasara hiyo. Vidole vikipoa sana havikunjiki kwa wepesi. Sasa fikirini kazi za mikono ya motari. Mkono wa kushoto unabana klachi, wa kulia unazungusha mafuta na kubana breki ya mbele. Jioni moja ya mwezi wa Aprili kaka alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, akaniomba nimfungulie kamba ya kofia yake. Nilidhani ananitania. Alikuwa hawezi. Tulipompa chai, aliishika kikombe kwa viganja kama mtoto mdogo, kisha akasema jambo ambalo lilimnyamazisha mama. Alisema kwenye mteremko mmoja, mtu alikuwa anavuka na mbuzi wake, naye akaviambia vidole vibane breki, vikachelewa.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kidole kikichelewa sekunde moja, ni mita 14 za barabara iliyolowa, na nyuma yako kuna abiria ambaye hajui kwamba vidole vyako vimelala. Tangu jioni ile sikuona tena suala la mikono ya kaka kuwa suala la starehe.

Dawa za kawaida za mamotari alikuwa amekwisha kuzijaribu. Glovu za kitambaa hunywa maji na kuwa baridi kuliko mkono mtupu. Glovu nene za ngozi humfanya asihisi klachi inaposhika. Kuna wanaofunga mifuko ya plastiki juu ya mikono, na wapo wanaovalisha usukani mifuko minene ambayo mkono huingia ndani yake. Mifuko hiyo ina joto, lakini kaka hakuipenda. Alisema mkono ulio ndani ya mfuko hautoki haraka, na motari huhitaji mkono kutoka haraka, iwe ni kuashiria, kufuta kioo cha kofia au kujikinga akianguka.

Ndipo muuza vipuri mmoja wa Kamembe alipomwonyesha kinga za mikono zilizotolewa kwenye Yamaha DT 125 iliyochakaa. DT ni pikipiki ya njia mbovu, na kinga za namna hii zilikusudiwa kwanza kuzuia matawi na mawe yasipige vidole na vishikio vya breki na klachi. Kuzuia upepo na mvua ni faida iliyofuata. Kaka alizinunua zote mbili kwa faranga 8,000, pesa ambayo kwa motari si ndogo, akazileta nyumbani ndani ya gunia kama mtu aliyebeba jogoo. Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja kwa fundi.

Fundi huyu ni mzee aliyejifunza kazi Bukavu, na Kiswahili chake ni cha huko. Usukani kwake ni gido, breki ni freni, klachi ni ambreyaji, kipuri ni piyesi. Maneno haya yote yametoka kwenye Kifaransa, kama vile breki na klachi yetu ya vitabuni yalivyotoka kwenye Kiingereza. Aliposikia kwamba nasomea Kiswahili, aliniita “mwalimu” tangu saa ile, nami nikamwita mzee. Nilimwuliza vitu vile vinaitwaje. Akasema yeye huvionyesha kwa kidole tu, maana hajawahi kuhitaji jina. Nikajaribu kusema “kinga za mikono”. Akarudia mara moja, akatikisa kichwa kukubali, na kazi ikaanza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bomba la usukani wa pikipiki nyingi, za Kijapani na za Kihindi, lina unene wa milimita 22 hivi pale panaposhikwa, kwa hiyo vishikizo vya DT vililikumbatia bomba la TVS bila shida. Tatizo dogo lilitokea upande wa kulia. Kishikizo kilikuja na bolti yake ya kioo, na bolti hiyo ikakataa kuingia. Kaka alitaka kuilazimisha. Mzee alimshika mkono. Alieleza kwamba Yamaha nyingi, kioo cha kulia hukazwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume cha kawaida. Kuilazimisha kungeharibu shimo la kioo milele. Aliiweka bolti ile kando na kutumia ya TVS.

Upande wa ndani ulipokaa, ukabaki upande wa nje. Kinga za DT hizi zilikuwa na mkono wa chuma unaozunguka hadi ncha ya usukani na kufungwa kwa kipande kinachotanuka ndani ya bomba. Mzee alikikaza. Kwa macho, kazi ilikuwa imekwisha. Pikipiki ilionekana kubwa zaidi, kama imeongezewa mabega. Kaka alitabasamu, akatoa simu, akapiga picha. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kumpigia.

Mzee hakutabasamu. Alizungusha mpini wa mafuta kwa mkono wa kulia, kisha akauachia. Mpini haukurudi. Ulibaki pale pale alipouacha, kwa sababu mkono wa chuma ulikuwa unaubana kwenye ncha. Akatazama usoni mwa kaka na kusema kwa Kiswahili cha kwao, “Inakaa, lakini haiko muzuri.”

Hapa msomaji asiyejua pikipiki anisikilize vizuri. Mpini wa mafuta lazima urudi wenyewe dereva anapouachia. Usiporudi, pikipiki huendelea kukimbia wakati dereva anadhani anaipunguza. Kinga iliyonunuliwa ili vidole viwahi breki ingekuwa yenyewe sababu ya breki kushindana na injini. Mzee aliweka washa mbili kati ya chuma na mpini ili kuacha nafasi. Mpini ukarudi. Lakini alipoisukuma ile kinga kwa kiganja, kama ambavyo mtu akianguka angeisukuma, chuma kikateleza ndani na kuubana tena. Kile kipande cha kutanuka hakikuwa kinashika vizuri ndani ya bomba la TVS.

Kisha alizungusha usukani wote kushoto, hadi mwisho. Kishikizo kikausukuma waya wa klachi, ukakunjika kama shingo ya kuku. Akauzungusha wote kulia huku injini inanguruma taratibu, na mngurumo ukapanda bila mtu kugusa mafuta, kwa sababu waya wa mafuta ulikuwa umevutwa.

Kaka alianza kupoteza subira. Alisema barabarani hakuna mtu anayekunja usukani hadi mwisho, na kwamba mpini ukiwa mzito kidogo si neno.

“Nitazoea tu, mzee.”

“Wewe utazoea. Abiria wako atazoea lini?”

Kaka hakujibu. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akawapigia wateja wake mmoja baada ya mwingine, akawaambia watafute motari mwingine. Najua pesa ile ilimwuma, maana kila siku ya pikipiki ina deni lake.

Mzee alitueleza njia zilizobaki. Ya kwanza, kurudisha kinga kwa aliyeziuza na kukubali hasara. Ya pili, kuacha kabisa mkono wa chuma na kuifunga kinga kwa upande wa ndani peke yake. Kwa njia hii ya pili tungepata ngao ya upepo na mvua, lakini tungepoteza ngao ya kuanguka. Chuma kinachozunguka hadi ncha ndicho kinachookoa kishikio cha breki pikipiki ikilala chini. Plastiki iliyofungwa upande mmoja itapinda au kuvunjika. Kaka aliuliza ipi ni bora. Mzee akamrudishia swali: kwa mwaka mmoja, ameanguka mara ngapi, na amenyeshewa mara ngapi? Kuanguka, mara moja. Kunyeshewa, nani anahesabu? Basi jibu likawa wazi.

Kazi iliyofuata ilichukua saa tatu. Mikono ya chuma iliondolewa. Mzee alikata vipande vya mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu, akavizungusha kwenye bomba chini ya vishikizo ili visiteleze. Alivigeuza vishikizo kuelekea chini kidogo, nyaya za klachi, breki na mafuta zikapata njia yake. Upande mmoja plastiki ilikuwa inagusa kifuniko cha taa, akaipunguza kwa msumeno, kisha akailainisha kwa tupa, kwa sababu ukingo wa plastiki iliyokatwa huchana ngozi kama kisu. Mwisho alirudia majaribio yote: mpini unarudi wenyewe, usukani unazunguka pande zote mbili hadi mwisho bila waya kuvutwa wala injini kupandisha sauti, na vishikio vya breki na klachi vinabanwa hadi mwisho bila kugusa plastiki. Alimwambia kaka ayarudie kila asubuhi, maana kinga iliyoshikwa upande mmoja inaweza kulegea kwa mtikisiko.

Mvua zilizofuata zilikuwa mtihani wa kweli. Kaka hakusema kwamba mikono yake imekuwa ya moto. Alisema bado hulowa, kwani maji hupita kwenye mikono ya koti, na baridi ya Gisakura bado ni baridi. Lakini vidole vinakunjika anapovihitaji, na kofia anaivua mwenyewe. Pia amepunguza mwendo kwenye miteremko, jambo ambalo halihitaji kipuri chochote.

Mamotari wengine walipoziona kinga hizo, walianza kumtafuta mzee. Mmoja alikuja na kinga nzuri kuliko zetu, nyeusi na mpya, pamoja na pikipiki ambayo usukani wake ulikuwa umepinda baada ya ajali. Nilikuwepo. Mzee alizijaribu hivi na vile, akazungusha usukani, akaachia mpini, kisha akazifungua zote na kumrudishia mkononi. Alisema usukani unyooshwe au ubadilishwe kwanza. Kijana yule alikasirika, akaondoka na kinga zake ndani ya mfuko, akisema kwamba kwa kaka yangu zimewezekana, iweje kwake zishindikane.

Mzee hakumwitia. Alitaka pesa ile kama fundi yeyote, na siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Nimemheshimu kwa zile alizofunga kwenye pikipiki ya kaka yangu, lakini nimemheshimu zaidi kwa zile alizokataa kuzifunga. Kitu kutoka pikipiki nyingine kinaweza kukaa vizuri na kupendeza machoni, na bado kisifae, na hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kutazama. Ni lazima mtu auzungushe usukani hadi mwisho, aachie mpini, na awe tayari kukubali jibu lolote litakalotoka.