Barabara za Dar es Salaam na Kipimo cha Mwendo

Msafiri aingiaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hupita Kibamba, Mbezi, Kimara na Ubungo kabla hajaiona bahari. Njia ni pana, lami imenyooka, na dereva hujiona kama amepewa ruhusa ya kukimbia. Lakini kando yake wapo wauza matunda, wapo vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na wapo watoto wenye sare za shule, wameshikana mikono, wakitafuta nafasi ya kuvuka. Hapo mtu hujiuliza: mwendo wa barabara hii ulipangwa na nani, na alipoupanga alimfikiria nani?

Jibu la kwanza ni fupi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kwamba penye makazi ya watu gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Barabara kuu ziko mikononi mwa TANROADS, na mitaa mingi ya mji iko mikononi mwa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017.

Je, namba ya kibao huchaguliwaje? Desturi ya zamani ya wahandisi wa nchi nyingi ni kukaa kando ya njia na kuyapima magari yapitayo. Mwendo ambao magari 85 katika kila 100 hayauzidi, huo huwa msingi wa kibao. Desturi hiyo ina busara yake, maana sheria ivunjwayo na wengi hugeuka mzaha. Hata hivyo ina upungufu mkubwa: aulizwaye ni dereva peke yake. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto wa darasa la kwanza hawamo katika hesabu, ijapokuwa wao ndio watakaoumia.

Basi tufanye hesabu yao. Dereva aonapo mtoto mbele yake, hupita kama sekunde moja kabla hajakanyaga breki. Akiwa katika mwendo wa kilomita 30, na breki zake ni nzima na njia ni kavu, atasimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa katika mwendo wa kilomita 50, mita hizo 13 zitakwisha mguu wake haujaigusa breki. Mtoto ni yule yule na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni namba tu.

Katika jiji hili hili imeonekana njia nyingine ya kupima. Kwa mpango uitwao SARSAI, shirika la Amend lilikwenda katika shule za msingi, likauliza ni watoto gani walioumia na waliumia wapi. Kisha vikajengwa vivuko, matuta na njia za waendao kwa miguu. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji itolewayo na WRI. Kibao humwomba dereva; tuta humlazimisha, mchana na usiku.

Ukifika mjini, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu utalikuta katika barabara yenye jina la Sokoine. Waziri Mkuu huyo, Edward Sokoine, alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Ajali haitazami cheo. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yafundisha kwamba ana hatia nzito yule ambaye kwa kupenda mwendo wa kasi ahatarisha usalama wake na wa wenzake barabarani. Kwa hiyo kukanyaga mafuta mbele ya shule si shauri la askari wa trafiki tu, ni shauri la amri ya tano.

Yafaa wazazi na kamati za shule wasingoje msiba. Waende kwa serikali ya mtaa, waeleze watoto huvukia wapi na saa ngapi, nao waombe habari hizo ziwafikie wenye barabara. Namba ya kibao iliandikwa na watu, na watu waweza kuiandika upya.