Kazi ni Kulea Mwana

Lugha yetu ina neno mlezi, nasi hulitumia kwa watu wawili: yule akuzaye mtoto nyumbani, na yule mtu mzima asimamiaye chama cha wanafunzi. Udugu wa maana hizi mbili niliuona waziwazi nilipokaa Mwanza, mji wa majabali kando ya Ziwa Victoria.

Mwanza ina klabu ya Rotary, jumuiya iliyoasisiwa na Paul Harris na wenzake mjini Chicago mwaka 1905. Mwaka 1962 jumuiya hiyo ilianzisha Interact, klabu za vijana wa miaka 12 hadi 18, kila moja ikilelewa na klabu ya watu wazima. Desturi yao ni kutimiza angalau miradi miwili kwa mwaka: mmoja wa kuwafaa watu wa mahali pao, mwingine wa kukuza maelewano baina ya mataifa.

Jumamosi moja niliwakuta wanafunzi wa sekondari kando ya Mto Mirongo, ukatao mjini na kumwaga ziwani kila ulichobeba. Baadhi walizoa chupa na matambara, wengine walipanda miche. Mzee mmoja, mlezi wao, alikuwa amekunja suruali akichimba pamoja nao.

“Shikamoo mzee. Klabu yenu imewapa nini vijana hawa?”

“Marahaba. Majembe, reki na miche,” akajibu. “Lakini hivyo ni vyepesi, mwanangu. Kazi ni Septemba.”

Maana yake ilinijia polepole. Kuanzia Juni mvua hukatika, na shule hufungwa kwa likizo. Mwisho wa mwaka kidato cha nne huaga. Mche uliopandwa na mikono kumi hukosa hata mmoja wa kuunywesha.

Naye adui wa ziwa hana haraka. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilienea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba magati na kunasa mitumbwi. Katika miaka ya 1990 watu waliling’oa kwa mikono, na wataalamu wakaachia fukusi walilao. Lilipungua lakini halikwisha, kwani mbegu zake hulala matopeni miaka mingi. Mwanafunzi hukaa shuleni miaka minne. Mbegu yaweza kungoja zaidi.

Wasukuma wa zamani walikuwa na elika, chama cha vijana waliolima mashamba kwa pamoja, majembe yakifuata mapigo ya wimbo. Aliyekua akitoka na mdogo wake akiingia, wimbo haukukatika. Nadhani klabu ya wazee kazi yake ni hiyo: kuushika wimbo wakati waimbaji wanabadilishana.

Kutoa kwaweza kumalizika kwa siku moja, kukabaki bango na picha. Lakini mche haunywi hotuba. Wahenga walikwisha nena: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Basi klabu itakayo kupima wema wake isihesabu miche iliyopandwa Machi. Iende Septemba, na ndoo mkononi, ikiwa na vijana wa kidato cha kwanza, iwaonyeshe ni mti upi walioachiwa na kaka na dada zao.