Kabla Hujahama Maktaba

Mpwa wangu Neema,

   

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno aliyokuja nayo kaka yako. Anasema umeandika barua ya kuomba uhamishiwe masjala ya halmashauri. Anasema tena kwamba siku hizi hata chai ya saa nne hunywi na walimu, unajifungia maktaba na chupa yako. La masjala nimelisikia. La chupa ndilo lililoninyima usingizi.

Najua utakavyonijibu. Walimu wa hesabu wako wanne, mmoja akikwama anamwuliza mwenzake. Mkutubi yuko peke yake shule nzima, na watu wanadhani kazi yake ni kushika ufunguo. Hata mimi, niliyezunguka mikoa nikifundisha kazi hii, siku ya kuagwa mshereheshaji alinitaja kuwa mtunza stoo ya vitabu. Nikapokea godoro lao, nikanyamaza. Mpaka leo silalii godoro lile.

Sasa sikiliza. Zamani nilitumwa kukagua maktaba ya shule moja ya bweni, jina lake niachie. Mkutubi wake alikuwa kijana hodari, kwa kuandika kadi alinishinda. Alianza kwa kupanga kwa Dewey kama alivyofundishwa: fasihi ya Kiswahili 896.392, ufugaji wa nyuki 638.1. Lakini kitabu kikimtatiza, hakuwa na wa kumwuliza, wala hakumtafuta. Akaanza kujitungia sheria zake. Vitabu vya wafadhili hawa kona hii, vya wale kona ile, kwa kufuata maboksi yalivyofika. Kitabu cha nyuki nilikikuta katikati ya hadithi za watoto, kwa kuwa vilisafiri boksi moja. Yeye alikuwa akikichomoa bila kutazama. Mtu mwingine angetafuta mpaka jioni. Walimu wakachoka, wakaacha kuja. Nikafungua daftari la kuazima. Kurasa za mwisho zilikuwa na jina moja tu, toka juu mpaka chini, kwa mwandiko uleule: jina lake mwenyewe.

Baadaye akahamishwa. Msimu uliofuata mahindi ya shule yakakosa pa kuwekwa, mkuu wa shule akaitaja maktaba. Walimu wote walikuwapo kikaoni, na hakuna aliyefungua mdomo. Wangetetea kitu gani? Niliporudi kukagua, magunia yalikuwa yamefika usawa wa rafu ya tatu, na panya walikuwa wameanza na ensaiklopidia.

Ndiyo maana naisema hiyo chupa, Neema. Iache nyumbani. Saa nne nenda ukakae na walimu, hata wakizungumza mpira na mikopo ya SACCOS. Humo humo ndimo utakamosikia kwamba mwalimu wa kidato cha tatu anaanza tamthilia wiki ijayo, nawe umwekee nakala mezani kabla hajaziomba. Akishaonja hilo mara moja, hahitaji kuelezwa kazi yako ni nini.

Kila mwezi shuka Iringa mjini siku moja. Maktaba ya mkoa iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na kuzishauri maktaba za shule ni kazi yao, hawakufanyii hisani. Beba vile vitabu vilivyokushinda kupanga, uvipange pamoja nao.

Shule ya jirani huko Kilolo huenda haina mkutubi, ila yupo mwalimu aliyebebeshwa maktaba juu ya vipindi vyake. Hakusomea kazi hii, na anaona haya kuuliza. Mtembelee wewe kwanza. Mfundishe kuandika daftari la usajili, muazimane vitabu. Utashangaa utakavyojifunza kwa kumfundisha.

Uliosoma nao ukutubi Bagamoyo wapigie simu, usingoje wakutafute.

Lipa ada ya chama cha wakutubi.

Chagua wanafunzi wawili watatu wa kukusaidia kurudisha vitabu rafuni. Watakuwa midomo yako mabwenini.

Usigombane na mwalimu wa taaluma. Ratiba ya vipindi vya kusoma iko mkononi mwake.

Kaka yako anasema barua yako bado iko mezani kwa mkuu wa shule. Mwombe aishikilie mpaka muhula huu uishe, nawe ufanye haya niliyokuandikia. Ukifika mwisho wa muhula bado moyo wako uko masjala, nenda, nami nitamnyamazisha mama yako. Lakini uende kwa kuwa umeichoka kazi, usiende kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Masjala nako utakaa peke yako ukitaka.

Nijibu upesi, na katika barua hiyo unitajie majina ya wakutubi uliozungumza nao.

Ni mimi,
Mjomba wako