Mteremko wa Bugarama

Ndani ya msitu wa Nyungwe gari lilikwenda bila kinyongo. Barabara ya kutoka Huye hupanda hadi zaidi ya mita 2,400, ukungu umelala juu ya lami, na mbega huvuka wanapotaka wao. UNESCO iliuingiza msitu huu katika urithi wa dunia mwaka 2023. Mvua inayonyesha mgongoni mwake hugawana njia: nyingine huishia Nile, nyingine Mto Kongo. Mimi nilifuata upande wa Kongo, madirisha nimeyafunga kwa baridi.

Visa vilianza Kamembe, wilayani Rusizi, niliposimama kula sambaza wa Ziwa Kivu. Gari liliachwa juani. Niliporudi, stata ilizungusha injini na injini ikagoma, kisha baada ya muda ikawaka kama vile hapakutokea kitu. Mwuza vipuri mmoja, bila hata kufungua boneti, alitoa hukumu: pampu ya mafuta imekwisha, mpya ziko Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani. Pampu iliyochoka nayo hugoma kwa joto, kwa hiyo sikumbishia. Pesa pia sikumpa.

Nikateremkia Bugarama. Huko ndiko chini kabisa Rwanda, bonde la mpunga lisilofika mita 1,000, Kamanyola ya Kongo upande ule, Burundi upande huu, na malori ya saruji ya Cimerwa yanapishana barabarani. Joto lake ni la kukufanya uvue koti ulilolisahau mwilini tangu msituni. Kando ya mashamba injini ilikata ghafla, bila kukohoa.

Fundi aliletwa na pikipiki, akazungumza Kiswahili cha upande wa Bukavu.

"Papa, weka kontakti, usiwashe."

Akatega sikio kwenye mdomo wa tangi. Ukifungua swichi, kompyuta ya gari huipa pampu umeme kwa sekunde kama mbili ili mafuta yapate mgandamizo, nayo huvuma. Safari hii haikuvuma. Fyuzi ilikuwa nzima. Akapenyeza mkono chini ya dashibodi, akaishika kwa vidole relei ya pampu, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, huku mimi nikifungua na kufunga swichi ya gari.

"Iko inapiga tik. Lakini umeme haipite."

Pini 85 na 86 ni za koili. Zikipata umeme, koili huvuta ulimi mdogo wa chuma unaounganisha pini 30, yenye umeme wa betri, na 87, inayopeleka kwenye pampu. Ile tik ilimwambia kwamba koili inatii amri. Akaichomoa relei na kuunganisha 30 na 87 kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Nyuma, chini ya kiti, pampu ikavuma vizuri kabisa. Nikamkumbuka yule mwuza vipuri.

Kwangu waya ule ungetosha kunifikisha Kamembe. Fundi akakataa katakata.

"Papa, ukigonga, moteri ikizima, pampu itaendelea kumwaga esansi."

Kweli: injini ikizimika, kompyuta huikatia relei umeme na pampu husimama. Waya haujui ajali.

Alipobandua kifuniko cha relei tuliona kosa. Lehemu iliyoshika pini moja ilikuwa imezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukipata joto hufunguka, ukipoa hugusana tena. Nyungwe gari lilikuwa zima na Bugarama likafa kwa sababu hiyo; mteremko wa mita 1,400 ulikuwa umeshaanza kuipima relei kabla fundi hajafika. Fundi wa simu sokoni aliilehemu upya, gari likawaka, nikapanda mlima kwa relei yake, si kwa kipande cha waya.

Kamembe nilirudi kwa yule yule mwuza vipuri, nikaomba relei ya akiba. Nikamwomba na betri na balbu, niijaribu kabla ya kulipa. Alininunia, lakini akavileta.