Kinachobadilika Tunaposubiri

Subira tumefundishwa kuisifu tangu utotoni: subira huvuta heri, mstahimilivu hula mbivu. Kazi yangu ya kuandika programu imenifundisha kuongeza sharti. Kuna kosa linaloisha ukilisubiri, na kuna kosa ambalo ukilisubiri linazidi kuota mizizi. Yote mawili yanakuja na sura moja: umeomba kitu, umenyimwa.

Ninatunza programu inayopokea stakabadhi za samaki kutoka mialo ya ufuko wetu wa Ziwa Tanganyika, Burundi, hapa Magara na kushuka hadi Rumonge. Mzani ukishasomwa, simu inatuma taarifa: ndagala kilo ngapi, mukeke kilo ngapi, bei gani, pamoja na picha ya mzani wenyewe. Kwenye seva, kila stakabadhi ina faili lake. Seva inaendeshwa kwa Node.js, chombo alichokitoa Ryan Dahl mwaka 2009 ili JavaScript, ambayo watu wengi waliijua ndani ya kivinjari tu, ifanye kazi za seva. Sifa kubwa ya Node ni kwamba haikai bure. Ukiiagiza isome faili, inapokea agizo, inashika mengine, na faili likiwa tayari inaarifiwa. Wepesi huohuo ndio unaoiponza. Mtandao ukikatika usiku na kurudi alfajiri, simu zote zinamimina stakabadhi kwa mkupuo, na Node inataka kufungua mafaili yote palepale.

Kompyuta haina nafasi isiyo na mwisho. Kwenye Linux, idadi ya mafaili ambayo programu moja inaruhusiwa kushika wazi kwa wakati mmoja huanzia mara nyingi kwenye 1,024, na miunganisho ya mtandao inahesabiwa humohumo. Node ikiwashwa hujaribu kukipandisha kikomo hicho hadi pale mfumo unaporuhusu, lakini hata huko juu kuna dari. Ukiigonga, unarudishiwa kosa linaloitwa EMFILE, yaani mafaili yaliyo wazi yamezidi. Faili unalolitaka lipo, ruhusa unayo, diski ni nzima. Kilichokosekana ni nafasi, basi. Programu isiyojua hilo inaanguka, na stakabadhi za asubuhi nzima zinakwama kwenye simu za watu.

Isaac Schlueter, aliyeanzisha npm, ghala la vifurushi vya Node, aliandika kifurushi kidogo kiitwacho graceful-fs kwa ajili ya tabu kama hii. Kinachonivutia ndani yake ni namna kilivyosubiri katika matoleo yake ya awali. Hakikuongeza kikomo, wala hakikurudia ombi mfululizo kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na wenyewe. Kilipokutana na EMFILE, kililiweka ombi kwenye foleni. Faili lolote lilipofungwa mahali pengine katika programu, nafasi ilipatikana, na ombi la mbele lilijaribiwa tena. Subira hiyo ina jambo inalolingoja, na jambo lenyewe linajulikana.

Kwa makosa mengine kifurushi hichohicho kinajibu vingine. Ukiomba faili lisilokuwepo, unaambiwa papo hapo kwamba halipo. Hakuna foleni, kwa sababu hakuna kinachotarajiwa kubadilika. Kwenye Windows, kubadilisha jina la faili kunaweza kukataliwa kwa kuwa programu ya kuzuia virusi imelishikilia kwa muda. Hapo kinajaribu tena, kwa mapumziko yanayoongezeka, lakini kimejiwekea mwisho: sekunde 60. Zikipita, kosa linarudi kwa mwenye programu aliamulie mwenyewe. Kwa hiyo kuna kusubiri, kuna kusubiri kwa muda maalumu, na kuna kukubali mara moja kwamba imeshindikana. Kinachoamua kati ya hayo ni swali moja: ninaposubiri, ni nini kitakachobadilika?

Wavuvi wetu wanalijua swali hilo bila kompyuta. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi balbu za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, na taa haiwavuti tena samaki. Mitumbwi inapandishwa mchangani siku kadhaa. Hakuna anayesema taa imeharibika au ziwa limelaaniwa. Mwezi utapungua, giza litarudi. Lakini wavu ukichanika, hakuna anayengoja giza liushone.

Nimemshuhudia mama mmoja anayeanika na kuuza ndagala hapa Magara akitoa mkopo wa mafuta ya injini kwa swali hilohilo. Kijana alikuja mikono nyuma, akaomba petroli hadi atakapopata.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Mama, nangoja mwezi ufe."

Akaandika jina lake daftarini, akampa. Mwingine alipoulizwa vilevile alijibu, "Tutaona tu, mama, Mungu ni mkubwa." Mama akakubali kwamba Mungu ni mkubwa, akafunga daftari. Simlaumu. Wa kwanza alitaja kitu kitakachobadilika na unaweza hata kukihesabia siku. Wa pili alitaja tumaini, na tumaini ni zuri, ila halina tarehe.

Hata foleni nzuri ina sharti lake. graceful-fs inasaidia tu ikiwa waliotangulia wanafunga mafaili yao. Kipande cha programu kikiwa kinafungua na hakifungi, nafasi zinakwisha moja baada ya nyingine, na katika matoleo yale ya awali waliopangwa nyuma wangengoja hadi seva izimwe. Hakuna ujumbe wa kosa ambao ungeonekana. Kila mmoja angesubiri kwa adabu. Hiyo ndiyo hatari ya ustahimilivu: unaweza kuufunika ubovu kwa heshima. Katika familia pia, yupo anayevumilia miaka mingi bila kuuliza kama yule anayemngojea ana nia ya kufunga jambo lake.

Na kuna subira ngumu kuliko zote, ile ambayo kitu kinabadilika kweli, ila polepole kuliko unavyoweza kungoja. Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia kwenye nyumba za ufukweni upande wetu wa Burundi, kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Baadhi ya wazee walikumbuka kwamba miaka ya 1960 maji yaliwahi kupanda namna hiyo, kisha yakarudi. Kumbukumbu yao ni sahihi. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, ng'ambo huko Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Linapungua kwa miaka, wakati ukuta wa tofali mbichi ukishaloa unahesabiwa kwa siku. Aliyesema "maji yatarudi" alisema kweli, na bado nyumba ilianguka. Hapo swali la kwanza linahitaji mwenzake: je, kitabadilika kabla sijachelewa?

Ndiyo maana sasa kila ninapoandika mstari wa kujaribu tena, naandika juu yake maelezo mawili kwa ajili ya atakayeisoma programu baada yangu: tunangoja nini, na mwisho wa kungoja ni lini. Nikishindwa kujaza maelezo hayo, mstari naufuta, naliacha kosa lijitokeze mchana kweupe, mtu alishughulikie.

Mazoea hayo yamenifuata hadi nje ya kazi. Nikiambiwa kwenye dirisha la ofisi "rudi kesho", nauliza kwa upole kesho kutakuwa na nini ambacho leo hakipo. Nikitajiwa jambo, iwe ni sahihi ya mkubwa aliye safarini au kitabu cha risiti kinachotoka Bujumbura, narudi bila kinyongo, hata mara mbili. Nisipotajiwa kitu, naomba kumwona mkubwa siku hiyohiyo.