Bati la Kalima, Toazi la Wuhan

Mwandishi wa kurasa hizi alianza kupiga bateri, yaani seti ya ngoma na matoazi, mjini Kindu akiwa hana hata toazi moja. Katika kanisa dogo la mtaa wa Kasuku lililokuwa na ngoma tatu tu, kijiti chake cha kulia kilishukia mfuniko wa sufuria uliotobolewa kwa msumari na kutundikwa kwenye nondo. Mfuniko ulikuwa wa alumini. Ukiupiga unasema "ta" na kunyamaza. Kwenye nyimbo za pole ulitosha, lakini waimbaji walipoingia sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, magitaa yakapanda juu na akina mama wakatoka kwenye mabenchi kucheza, ile "ta" ilizama kama jiwe ndani ya Lualaba.

Sauti aliyoitamani alikuwa ameisikia kwenye kaseti tu: mlipuko mfupi wenye mikwaruzo, kama bati la paa linalofumuliwa na upepo wa dhoruba, kisha kimya. Alikuja kuambiwa baadaye kwamba hilo ni toazi la Kichina.

Toazi la kawaida lina umbo la sahani iliyopinduliwa. La Kichina lina tofauti moja kubwa: ukingo wake umekunjwa kuelekea juu, na mara nyingi kitovu chake si duara kama kikombe bali kimesimama wima kama mkebe. Mkunjo ule huvuruga mtetemo usisambae kwa utulivu. Ndiyo maana sauti hutoka yote kwa mpigo mmoja, ikiwa chafu kwa makusudi, na kufa upesi. Wapigaji wa jazi wa Marekani walikuwa wakiyatundika matoazi ya aina hii tangu miaka ya 1920. Mpigaji Mel Lewis aliliweka toazi hilo katikati ya bendi kubwa, na Neil Peart wa kundi la Rush alikuwa na la inchi 20 kutoka Wuhan.

Lakini kwa kijana wa Kindu, mwalimu hakuwa wa Marekani. Alikuwa Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, anayetajwa kuwa ndiye aliyeusimika mdundo wa cavacha. Inasimuliwa kwamba mdundo huo ulizaliwa kutokana na mlio wa magurudumu ya treni. Mwandishi, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye reli, hakuhitaji kushawishiwa. Alikuwa amelala na mlio ule utotoni mwake wote, behewa baada ya behewa likiruka kiungo cha chuma. Kwenye cavacha kazi kubwa hufanywa na ngoma ndogo ya kati. Toazi huja pale atalaku, mhamasishaji wa wachezaji, anapopaza sauti na wimbo unapogeuka. Pigo moja tu, lakini likikosekana wachezaji hukosa mahali pa kugeukia.

Toazi lake la kwanza la dukani alilinunua baada ya vita. Kindu ilikuwa imetekwa na waasi Oktoba 1998, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na harusi za kupiga wala fedha ya kuweka. Mambo yalipoanza kutulia alikusanya dola 45, harusi baada ya harusi, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda kuchukua mali kwa ndege. Likaletwa limefungwa kwenye katoni, linang'aa kama dhahabu, lina maandishi makubwa. Wanabendi wote walilishika kwa zamu. Kufikia mwezi wa tatu ukingo ulikuwa umepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa, na sauti ilikuwa imerudi kule kule kwa mfuniko wa sufuria.

Alilia siku ile.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma ndiye aliyemfungua macho. Alilikwangua upande wa chini kwa tupa, akatazama rangi, akasema: "Hii ni shaba ya njano, Papa. Ya vitasa vya milango." Shaba ya njano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ni laini, ni rahisi kukandamizwa na mashine, na hutoa sauti fupi isiyo na kina. Toazi la kufanyia kazi huwa la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Yale ya bei ya kati mara nyingi hukatwa kwenye bamba lenye bati asilimia 8. Yaliyo bora, yale wapigaji wanayoyaita B20, yana shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Huyeyushwa na kumiminwa, hupashwa moto mara nyingi, hufuliwa kwa nyundo na kukerezwa. Bati likiwa jingi kiasi hicho chuma kinakuwa kikavu, chepesi kupasuka, ila kinaimba.

Hapo mwandishi akakaa kitako. Bati? Kutoka Kindu hadi Kalima ni kiasi cha kilomita 100, na Kalima ni mji uliojengwa kwa bati. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932 kwa ajili ya madini hayo ya Maniema. Mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine kuwa Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati duniani ikaporomoka, na wafanyakazi wengi wakaishia kuchimba kwa mikono yao. Mpaka leo magunia ya kasiteriti, mawe yenye bati, hupita Kindu mbele ya macho ya kila mtu. Na shaba? Iko Katanga, mwisho wa reli ile ile inayoanzia Kindu kupitia Kongolo na Kabalo, tangu kipande cha Kamina hadi Kabalo kilipokamilika mwaka 1956. Vitu viwili vinavyotengeneza toazi viko ncha mbili za njia moja ya treni. Vinaondoka Congo vikiwa magunia na mabamba, kisha toazi linakuja kwa ndege kwa bei ambayo mpigaji wa mtaa wa Mikelenge haiwezi. Jambo hilo linamuuma mwandishi hata leo, na analisema kila anapopata wa kumsikiliza.

Tangu siku ile ya fundi na tupa yake hakununua tena kitu kwa kumtuma mtu.

Majina makubwa aliyajua: Zildjian, iliyoanza Konstantinopoli mwaka 1623, Sabian ya Kanada, iliyozaliwa 1981 baada ya ukoo huo huo kugawanyika, Paiste ya Uswisi. Yote yalikuwa mbali na mfuko wake. Lililobaki ni Wuhan. Katika mji huo wa mkoa wa Hubei mafundi wamefua upatu na matoazi kwa vizazi vingi, na toazi lao la Kichina huwa la bronzi ya B20, limefuliwa kwa nyundo, huku likiuzwa kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na majina yale. Kasoro ya matoazi hayo ni kwamba hayafanani. Mawili ya ukubwa mmoja na bei moja, moja linalipuka vizuri na jingine linakoroma. Kwa hiyo hulinunui kwa picha. Unalinunua kwa sikio.

Alilipata Lubumbashi mwaka 2011, kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anaacha kazi. La inchi 18. Yapo madogo na makubwa zaidi, lakini kwenye ukumbi wenye paa la mabati, la 20 humfunika mwimbaji, na la 12 ni la kupambia tu. Mwandishi anashikilia kwamba anayeweza kununua moja tu achukue la 18. Muuzaji alitaka dola 110.

Aliomba aachwe nalo. Akapitisha kidole cha kati kwenye tundu, likaning'inia huru. Akaligonga ukingoni kwa ncha ya kijiti, polepole, akaliweka karibu na sikio na kusubiri mpaka mlio wa mwisho ukatike. Likatoka lenye mikwaruzo juu na uzito chini, bila ule mlio mmoja mwembamba wa kengele unaoudhi gitaa. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, akizunguka taratibu, akitafuta pale unapokwama. Ukakwama. Palikuwa na ufa wa sentimita moja na nusu, mwembamba kama unywele.

Ufa si sababu ya kukimbia kila mara. Ule unaozunguka kitovu, au unaofuata mistari ya kukerezwa, huendelea tu, na toazi lake liachwe. Ule mfupi unaotoka ukingoni kwenda ndani unaweza kuzuiwa kwa kutoboa tundu dogo pale unapoishia, ili nguvu ya mtetemo isambae badala ya kuendelea kupasua. Mwandishi alimwonyesha muuzaji, wakazungumza kwa heshima, wakakubaliana dola 70. Tundu lilitobolewa siku hiyo hiyo.

Likasafiri kwa treni hadi Kindu likiwa limeviringishwa kwenye vitenge viwili vya mke wake, chini ya kichwa chake, siku tisa.

Nyumbani alilifunga kichwa chini, mkunjo ukitazama sakafuni, ili kijiti kiteleze kwenye mgongo badala ya kugonga ukingo uliosimama. Sponji za stendi zilikuwa zimekwisha zamani; alikata duara mbili kwenye soli ya kandambili. Kwenye mhimili wa chuma alivika kipande cha mpira wa maji, kwa sababu chuma kikisuguana na bronzi hula tundu la kati. Nati haikazwi: toazi lazima licheze. Kwenye harusi ya kwanza, atalaku alipolia, akalipiga mara moja tu kwa bega la kijiti, na mpiga gitaa akageuza shingo kumtazama huku vidole vikiendelea.

Mwaka jana kijana mmoja alivuka kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, amebeba toazi kwenye mfuko wa unga. "Papa, hii iko muzuri? Wananiomba dola 60." Mwandishi hakulipiga. Alimwambia apitishe kidole kwenye tundu, kisha ukucha ukingoni. Kijana akazunguka mara mbili, uso umekunjamana. Haukukwama. Akaligonga, wakasikiliza wote wawili mpaka mwisho, na mwandishi akamwambia: "Rudi leo leo mwanangu, kabla hajamuuzia mwingine."

Kijana alipoondoka, alilishusha lake kutoka kwenye stendi na kulipapasa, kama afanyavyo kila mwezi. Ufa ulikuwa bado umeishia kwenye tundu.