Usimtume Polisi Kazi ya Roho Mtakatifu



Neno letu leo ni 2 Wafalme 23, pamoja na Yeremia 3:6-10. Ukipata nafasi, fungua Biblia yako usome sehemu hizo mbili, kisha urudi tuendelee.

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu wengi, wengine baada ya ibada, wengine kwa simu. "Mchungaji, kwa nini kanisa lisiiombe serikali ipige marufuku miraa? Kwa nini tusimwendee mbunge na gavana wafunge baa zote, wakataze na muziki wa usiku? Tuna viongozi wanaookoka na kuomba hadharani. Tusipofanya sasa, tutafanya lini?"

Swali hili silichukulii kimzaha, kwa sababu nawajua wanaoliuliza. Ni mama ambaye kijana wake aliacha shule kidato cha pili akaenda kuchuma miraa. Ni dada ambaye mume wake hafiki nyumbani mpaka baa ifungwe. Mtu kama huyo akikuambia anataka sheria, anakuambia amechoka. Kwa hivyo nataka tulijibu kwa Neno, si kwa hasira wala kwa siasa.

Tuanze na Mfalme Yosia. Huyu hakuwa kiongozi wa kuomba mbele ya kamera peke yake. Alimpenda Mungu kweli. Kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni alirarua mavazi yake. Akavunja madhabahu za Baali, akachoma sanamu, akabomoa nyumba za uasherati zilizokuwa ndani ya eneo la hekalu, akawasimamisha watu wote wa Yerusalemu waingie katika agano. Biblia inashuhudia kwamba hapakuwa na mfalme kama yeye, kabla yake wala baada yake. Kama kuna serikali iliyowahi kusimamisha utakatifu kwa nguvu ya dola, ni hiyo.

Sasa nenda kwa Yeremia sura ya 3. Siku zilezile za Yosia, Mungu anazungumza na nabii wake kuhusu watu walewale. Anasema nini? Kwamba Yuda hakurudi kwake kwa moyo wote, bali kwa unafiki. Umeliona hilo, mpendwa? Sanamu zilikuwa zimetoka mitaani lakini hazikutoka mioyoni. Yosia akafa Megido. Mwanawe Yehoahazi akatawala akafanya maovu, na Yehoyakimu naye akafanya maovu. Haikupita miaka 25, Yerusalemu likateketezwa.

Kumbuka pia kwamba Yosia alikuwa mfalme wa taifa la agano. Kenya si taifa la agano. Katiba yetu, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Basi kama mfalme aliyepakwa mafuta hakuweza kuubadilisha moyo kwa amri, je, askari wa kaunti ataweza?

Pengine utasema hayo ni ya Yerusalemu. Haya, twende hapa kwetu Meru.

Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wetu, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na utawala wa kikoloni ukaunga mkono. Naomba unielewe vizuri: ukeketaji ni dhuluma, na simtetei mtu yeyote anayemwekea binti wembe. Lakini angalia kilichotokea. Wasichana wenyewe walichukua nyembe wakaenda kukatana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Amri ilikuwepo, mahakama zilikuwepo, faini zilikuwepo. Moyo ulikuwa bado uko kulekule.

Sasa ruka miaka 40. Mwaka wa 1996, huko Gatunga, Tharaka, akina mama wa Maendeleo ya Wanawake walisaidia kuanzisha njia nyingine, Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa wakafundishwa kuhusu mwili wao, heshima na utu uzima, kisha jamii ikawashangilia bila damu kumwagika. Mama alishawishika kwanza, ndipo mtoto akapona. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ukeketaji ikaja mwaka wa 2011, na ikakuta katika sehemu nyingi mafundisho yameshatangulia. Sheria hiyo ni nzuri, na naiunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu inamlinda msichana ambaye mzazi wake amekataa kufundishika. Lakini kuubadilisha moyo wa mzazi huyo ni kazi nyingine, na kazi hiyo ni yetu.

Hapo ndipo penye somo letu. Warumi 13 inatuambia mtawala ni mtumishi wa Mungu, na kwamba upanga aliopewa ni wa kumzuia atendaye maovu. Simwambii mtu aidharau serikali. Lakini kabla hujaiomba serikali itumie upanga wake, jiulize swali hili moja: sheria ninayoitaka inamlinda jirani yangu asiumizwe, au inamlazimisha jirani yangu aonekane mtakatifu?

Kama inamlinda, piga kelele na usinyamaze. Februari 2024, watu wa Kangai, Kirinyaga, walizika wapendwa wao waliouawa na pombe yenye sumu. Anayeuza sumu ni muuaji, na hapo hatuiti semina, tunaita polisi. Sheria ya pombe ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18, na inataka baa iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shuleni. Kama kuna baa inayovunja sheria hiyo karibu na shule ya watoto wako, nenda kwa chifu, simama kwenye baraza useme, na andika barua. Huko si kulazimisha dini. Huko ni kumpenda jirani.

Lakini mzee wa miaka 60 anayekaa kivulini na miraa yake? Kijana asiyekuja kanisani Jumapili? Jirani Mwislamu ambaye haamini unavyoamini? Hapo upanga hauna kazi. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 5:12 inamhusu nini yeye kuwahukumu walio nje, kisha anawageukia walio ndani ya kanisa. Sisi tumegeuza. Walio nje tunawatafutia polisi, walio ndani tunawapa kiti cha mbele.

Na kuna jambo jingine la kuogopa. Upanga haubaki mkononi mwa mtu mmoja. Danieli sura ya 6: sheria ya maombi iliandikwa, mfalme akatia muhuri, na aliyenaswa alikuwa mcha Mungu. Ukijenga jela ya dhamiri, usidhani wewe ndiwe utakuwa na funguo siku zote.

Tuliliona karibu na nyumbani. Mei 2024, magavana wa Pwani, wakiwemo wa Mombasa na Kilifi, walipiga marufuku muguka katika kaunti zao. Walisema wanalinda afya ya vijana, na viongozi wa dini huko wakawaunga mkono. Ndugu zetu wa Embu, ambao wengi wao ni waumini wanaosomesha watoto kwa zao hilo, walilia. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo kwa muda, na Rais naye akasema hazina nguvu kwa sababu ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Sitoi hukumu leo nani alikuwa sawa. Nauliza tu: ulipokuwa unasema "serikali ikataze dhambi", ulifikiri gavana wa Mombasa ataanza na dhambi ya nani? Alianza na shamba la jirani yako.

Na Shakahola je? Mwaka wa 2023 nchi yetu ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu ule wa Kilifi, na wengi walikuwa watoto waliofungishwa wakafa njaa. Pale serikali ilipaswa kuingia, tena mapema, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa. Lakini mapendekezo ya kusimamia makanisa yalipoanza kutajwa, wachungaji wengi tulisimama tukasema serikali isiingilie madhabahu. Vizuri. Basi tuwe na mizani moja. Huwezi kumwambia Kaisari atoke madhabahuni kwako, kisha ukamtuma aingie sebuleni kwa jirani yako akahakikishe anaishi kama mlokole.

Sasa, mpendwa, nivumilie niseme lile gumu zaidi.

Kuiomba serikali ni rahisi kwa sababu hakutugharimu kitu. Lakini sisi ni watu wa Muthara. Karo ya shule, mabati ya nyumba, bili za hospitali, na sehemu kubwa ya sadaka inayowekwa kwenye kapu letu, vinatoka kwenye mti uleule tunaotaka gavana aukataze. Uingereza ilipopiga marufuku miraa, Juni 2014, hapa kwetu hakuna aliyepiga vigelegele kwamba Waingereza wamekuwa watakatifu. Watu walilia kwamba soko limefungwa. Somalia ilipozuia ndege za miraa kuanzia 2020 mpaka 2022, tulilia tena.

Kwa hivyo tuseme ukweli mbele za Mungu. Mimi nafundisha wazi, na nitaendelea kufundisha, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), na kwamba aliyeokoka asitawaliwe na jani wala chupa. Lakini kwako ndugu mkulima sina amri ya serikali ya kukuletea. Nina swali tu, na nataka ulale nalo: hicho unachouza, ungefurahi kumwona mtoto wako akikitafuna? Usinijibu mimi. Mjibu Bwana, wewe na mke wako, mkiwa magotini. Atakachokuambia kinaweza kukugharimu, na labda kitachukua miaka. Pengine ni mistari michache ya makadamia leo, na mingine mwaka ujao. Pengine ni kukataa kuajiri mtoto wa shule kuchuma, hata kama ana mikono myepesi na malipo yake ni kidogo. Gavana hawezi kukutoa hapo. Roho Mtakatifu anaweza.

Yakobo na Yohana walipokataliwa na kijiji cha Wasamaria, walitaka kuita moto kutoka mbinguni (Luka 9:51-56). Yesu aligeuka akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Hakuuchoma mji uliomkataa. Na watu walipotaka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu, alijitenga akaenda mlimani peke yake (Yohana 6:15). Kama Bwana wetu alikuwa na nafasi hiyo akaikataa, sisi tunaitafuta ya nini?

Basi tufanye nini? Wiki hii fanya haya:

Kwanza, chagua kijana mmoja aliyezama kwenye miraa au pombe. Mmoja tu, unayemjua kwa jina. Mwite nyumbani kwako mle chakula pamoja, na usianze na mahubiri. Anza na chai.

Pili, kama una duka, baa au kibanda na unauzia watoto, acha leo. Usingoje askari.

Tatu, hudhuria baraza la chifu. Sema juu ya watoto, sumu na dhuluma. Sema kama raia mwenye haki, kwa heshima, bila kutisha mtu kwa jina la Mungu.

Nne, yule mama na yule dada niliowataja mwanzoni wako katika kanisa letu. Wako pia katika kanisa lako. Usiwaache wabebe peke yao. Wakati mwingine mtu anaitafuta serikali kwa sababu alilitafuta kanisa akalikuta limefungwa mpaka Jumapili.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tunaiombea serikali yetu hekima, walinde wanyonge bila kuogopa wala kupendelea. Tunaombea vijana wetu wa Muthara na Meru yote. Wewe uliyeahidi kuandika sheria yako ndani ya mioyo, anza na mioyo yetu. Utuonyeshe tunachopaswa kuacha kabla hatujamwambia jirani aache. Uwape nguvu mama wanaolia usiku. Na ufungue nyumba zetu ziwe mahali ambapo aliyepotea anaweza kuingia bila kuogopa. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Kama Neno hili limekugusa, mtumie mwenzako mmoja. Na kama una kijana unayetaka tumwombee, niandikie jina lake la kwanza kwa siri. Nitaliombea kwenye kesha ya Ijumaa.

Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu, Muthara